Kanda ya Bibi Isiyofika Mwisho

Mdogo wangu amejenga Madale, na siku hizi hataki kuona kitu kikikaa na kushika vumbi. Juzi kaniletea boksi la filamu zetu za zamani. "Dada, wewe una subira na kompyuta. Zihamishie zote humo, mie nitaziunganisha na tivii za nyumba nzima, mtu achague akiwa kalala zake." Sidii hazikunisumbua. Kazi ilikuwa kanda za video, zile kubwa nyeusi, ambazo huna budi kuziacha zicheze mwanzo hadi mwisho huku kompyuta inarekodi. Ya chini kabisa boksini ilikuwa filamu ya Kihindi ya marehemu bibi, mzaa mama.

Kama nawe ulikulia Temeke enzi za ruksa, vitu vya nje vilipoanza kuingia nchini, unajua deki ya video ilivyoheshimiwa. Yetu ilivishwa kitambaa cha kufuma na ilikaa juu kuliko Baba. Aliileta mjomba, kitinda mimba wa bibi, aliyeinunua kwa mabaharia alipokuwa kibarua bandarini. Baadaye mwenyewe akazamia meli kwenda Arabuni, na hatukupata tena habari zake.

Jumamosi jioni, umeme ukiwepo, sebule ilijaa. Bibi alikaanga mihogo, akainyunyizia chumvi na pilipili, na harufu yake ikawaita hata ambao hawakualikwa. Jirani yetu, mama wa kutoka bara aliyefanya kazi kiwandani Chang'ombe, alikuja na kigoda chake na karanga za kuchemsha. Sisi watoto tulikaa jamvini, miguu tumeshaoshwa kwa lazima. "Mie mitambo siijui," bibi alisema kila mara. "Bonyeza wewe."

Picha ilimhusu mama aliyepotezana na mwanawe kwenye mafuriko. Alimtafuta wimbo baada ya wimbo, mpaka akamwona stesheni, ng'ambo ya reli, kijana mkubwa sasa. Hapo hapo bibi aliamuru, "Zima."

"Jamani bibi, si tumalizie?" jirani alibembeleza.

"Washaonana. Nyie mnataka nini tena?"

Kisha alitusimulia yaliyobaki: kijana anavuka reli, anapelekwa nyumbani, anapikiwa pilau, anaozwa. Kanda aliifungia kabatini na ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga. Nilinuna sana. Nilitaka kuliona hilo pilau kwa macho yangu. Siku moja nikambishia bibi, na Mama akanivuta uani. "Mwache mama yangu," akaniambia. "Na yeye wa kwake hajarudi." Sikubisha tena, ila hamu ya kuuona mwisho haikunitoka.

Sasa nilikuwa nao mezani, na wa kunizuia hakuna. Kanda za namna hii huchakaa kwa kuchezwa. Mahali palipochezwa mno picha huingia chenga, vile vidoa vyeupe vinavyorukaruka. Kwenye wimbo tuliozoea kuurudia chenga zilikuwepo, si nyingi. Ilipokaribia stesheni nikasogeza kiti. Kipande ambacho hakuna aliyekiona, nilijiambia, kitakuwa kipya kabisa.

Hakikuwa kipya. Mama yule alipomwona mwanawe tu, chenga zikafunika kioo kizima, nikabaki na sauti. Kijana anaita, treni inapiga honi, watu wanapiga mayowe, kisha mama analia peke yake mpaka muziki wa mwisho. Kijana hakuvuka. Na hakuna sehemu ya kanda ile iliyochakaa kama hapo.

Mchana sisi tulikuwa shule, Mama na Baba kazini. Nyumbani alibaki bibi, na ufunguo wake, na ile deki aliyosema haijui. Nilisimamisha kompyuta, nikalia kidogo, halafu nikaendelea na kazi.

Nyumba ile tuliiuza, sebule sasa ni duka la vipodozi. Jirani alirudi kwao bara. Deki yenyewe sijui iliishia wapi. Ya kufanyia kazi hii niliazima kwa fundi. Jana mdogo wangu kapiga simu. "Dada, ile ya Kihindi mwishoni haionekani kitu. Nitafute safi mtandaoni?"

Nikamwambia aiache hivyo hivyo. Sura ya kijana yule imefutika yote, na aliyeifuta ni bibi, kwa kuitazama.