Protini Ngeni ya Nyansurura

Kabla hamjanicheka, nijicheke mwenyewe. Nilipeleka maabara maziwa ya ng'ombe wagonjwa wa kwetu Nyansurura. Kule kuna mashine inayotambua protini kwa kupima uzito wa vipande vyake. Ikaonyesha protini ngeni. Sikumsubiri profesa wangu aihakiki, nikawaitisha wafugaji, nikajigamba: "Dalili ya ugonjwa nimeipata!"

Profesa akapiga simu palepale, nami kwa kiherehere nikaweka spika.

"Mwanangu, hiyo ni protini ya sufu ya kondoo. Maabara ulivaa nini?"

Macho yote yakatua kwenye sweta langu la sufu, lilelile nililovaa maabara kukinga baridi ya kiyoyozi.

Mzee Marwa, mwenye ng'ombe, akacheka hadi machozi. "Kama mashine imemnasa kondoo wa sweta, ugonjwa wetu utajificha wapi? Kamua tena, binti. Ila hilo livue."