Msomaji wa Tatu

Katika maabara ya hospitali ile, kila kioo chenye tone la damu husomwa kwa hadubini na watu wawili, kila mmoja peke yake. Majibu yao yakipishana, kioo huenda kwa wa tatu, na neno lake ndilo la mwisho. Kwa miaka kumi na minne, wa tatu alikuwa mama mmoja ambaye vijana walimwita Bibi Hadubini, mbele yake na nyuma yake.

Alikuwa na miaka sitini na sita. Kila mwaka alijaza fomu ya kuongezewa mkataba, na kila mwaka binti yake alimnunia.

"Mama, si upumzike? Wenzako wote wako nyumbani."

"Wenzangu walianza kazi na miaka ishirini na tatu. Mimi wakati huo nafua nepi zako. Shahada nimeishika nina arobaini na mmoja. Niache sasa, ndiyo kwanza nimekolea?"

Binti alicheka bila kutaka. Hakujua kwamba jicho la kulia la mama yake lilikuwa limeingia ukungu, na kwamba la kushoto lilikuwa likilifuata taratibu.

Jumanne asubuhi, fundi aliyewahi kuwa mwanafunzi wake alimsogezea kioo.

"Mwalimu, hiki cha Ijumaa. Mimi niliandika malaria, mwenzangu akaandika safi, nawe ukaandika safi. Mtoto mwenye damu hii karudishwa alfajiri, anaweweseka. Wamemlaza."

Aliinama kwenye hadubini. Akazungusha kirekebishi cha lenzi mbele, akakirudisha nyuma. Akakaa hapo muda mrefu.

"Ziko wapi?"

"Katikati kabisa, mwalimu. Pete mbili ndani ya chembe moja."

Pete hizo, umbo la vijidudu vya malaria, yeye ndiye aliyemfundisha fundi huyo kuzitambua. Sasa aliona zambarau tupu, kama maji ya kufulia kitambaa kinachochuja.

"Mtoto ataishi?"

"Kaanza dawa. Daktari ana matumaini." Fundi akashusha sauti. "Tuandike rangi ya kioo haikushika vizuri. Nani atajua?"

"Nilikufundisha hivyo?"

"Hapana."

"Nipe daftari la makosa."

Aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwamba kosa ni lake na macho yake hayaoni vizuri, kisha akalipeleka kwa mkuu wa maabara. Fomu yake ilikuwa pale mezani, ikingoja saini.

Mkuu alisoma, akavua miwani. "Dada, kwa nini hukusema mapema?"

"Ningesema, mngeniambia niende nyumbani."

Mkuu akaisogeza fomu kando.

"Nipe basi nafasi ya kufundisha. Kupaka rangi, kukausha vioo, lolote."

"Nafasi hiyo haipo, dada. Kapimwe macho kwanza."

Kliniki ya macho ilikuwa mwisho wa ukumbi uleule wa maabara. Alikaa kwenye benchi na wagonjwa, koti jeupe kalikunjia mapajani. Karani alimuuliza jina na umri. Kuhusu kazi hakuuliza, alizitazama mvi zake, akaandika huku akitamka, "Mstaafu."

"Futa hiyo, mwanangu," mama akasema. "Hujaona majibu."