Diodi Mbili Mbali na Moto

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuzipanga kwa uzuri diodi mbili za ampli niliyoiunda, mashine ya kukuza sauti. Nilizichomelea sambamba katikati ya bodi, mbali na bamba la alumini lililobeba transista. Ilipendeza kutazama. Nilikuwa nimejifundisha peke yangu, kwa redio mbovu za kutoka Bukavu, na niliamini kwamba kazi isiyo na kasoro machoni haina kasoro ndani.

Papa alitaka tuazime ampli ya kwaya ya kanisa kwa siku ya posa ya dada yangu. Dada alinitetea. "Papa, sherehe ni yangu. Mimi nataka ya ndugu yangu."

Ndani yake nilianza na chipu ya miguu minane, ambayo hukuza sauti vizuri, lakini haina nguvu ya kusukuma spika. Baada yake niliweka transista mbili, moja isukume, nyingine ivute. Zinapopokezana, sauti hukwaruza; diodi huziacha zote wazi kidogo, mkwaruzo ukapotea. Niliusaka mkwaruzo huo majuma matatu, kila asubuhi, hewa ya ziwa ikiingia dirishani. Nikaumaliza. Joto sikulifikiria.

Siku yenyewe jua la saa saba lilichoma turubai. Wasemaji wa familia mbili walitambiana kwa kipaza sauti, kama ilivyo desturi. Transista zilivyopata moto ndivyo zilivyopitisha umeme zaidi, na umeme ukazidisha moto. Diodi zilipaswa kuuhisi moto huo na kuzibana transista. Zangu zilikaa mbali, hazikuhisi kitu. Msemaji wetu alikuwa ndiyo kwanza afungue mdomo kutamka kwamba binti tumewapa. Ampli ikanguruma, ukatoka moshi, ikazima.

"Wazee!" alipaza sauti msemaji wa upande wa bwana arusi. "Hata mashine yenu imekataa kututolea binti!"

"Muulizeni fundi wetu," wetu akajibu, na watu wote wakanigeukia wakicheka.

Papa hakucheka. Alimwinamia dada, si mimi. "Njo hii ampli ya ndugu yako uliyoitaka?"

Binti alitolewa kwa sauti ya kupayuka, na nusu ya wageni hawakusikia.

Siku hizi diodi nazibana juu ya bamba moja na transista, na kila ampli naianika juani ikiimba mchana kutwa kabla haijatoka kwangu. Bodi zangu zina sura mbaya. Haijaungua hata moja tena. Dada amebatizisha watoto wawili hapa hapa mjini kwetu Kamembe, na mara zote mbili aliazima ampli ya kwaya.