Baiskeli ya Wavu

Nilipotoka nje ya stesheni ya treni pale Ferrara, kabla sijaona nyumba wala watu niliona baiskeli. Uwanja mzima wa baiskeli, zimebanana keria kwa usukani, nyingi kuukuu zilizopauka rangi, na mlinzi hayupo. Nilisimama na begi langu nikijiuliza mtu anaijuaje ya kwake akirudi jioni.

Mwenye nyumba wangu alikuwa ameahidi kuja kunipokea, naye akaja kwa baiskeli. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mwalimu mstaafu wa chekechea, mwembamba, amevaa koti la kahawia na rangi ya mdomo nyekundu iliyokolea. Alishuka mbele yangu taratibu, kama mtu anayeinuka kitini mwake. Mdomo wangu ukatangulia akili.

"Shikamoo," nikasema.

"Unasemaje?" akauliza kwa Kitaliano.

Nikamweleza, kwa Kitaliano changu cha kuungaunga nilichojifunza Dar es Salaam, kwamba kwetu Lindi mkubwa hupewa salamu yake, naye huitikia marahaba. Akalijaribu neno hilo pale pale, akaikaza ile r mpaka mpita njia akageuka. Alilipenda. Baada ya hapo hakuwa akiningoja nimalize. Nikiwa bado ngazini ninapanda, marahaba yake ilikuwa imeshanifikia.

Mimi nilimwita Sinyora, kama wanavyoitwa wanawake wa makamo yake kule. Na nilifurahi sana kugundua kwamba Kitaliano nacho kina namna yake ya kumheshimu mkubwa: huwezi kumwambia mzee "wewe" lile lile unalomwambia mwenzio. Nikaona, kumbe nimefika mahali penye adabu ninayoielewa.

Nilikuwa nimekwenda kusoma mambo ya mazingira ya pwani. Kwetu ni Kitomanga, huko huko Lindi, lakini chuo cha kwanza nilisoma Dar, kwa hiyo wingi wa watu na magari usingenitisha. Ferrara ilinishangaza kwa kinyume chake. Katikati ya mji magari karibu hayapo. Ukisimama kwenye kona unasikia matairi yakipita juu ya mawe, kengele ndogo za baiskeli, na watu wakiongea kwa sauti ya kawaida bila kushindana na chochote.

Siku za mwanzo nilitembea kwa miguu. Mitaa ya zamani imetandazwa mawe ya mviringo yaliyotolewa mtoni, ukubwa wa viazi, na viatu vyangu havikuyapenda. Lakini macho yalikuwa na sikukuu. Kuna ngome ya matofali mekundu katikati kabisa ya mji, imezungukwa na maji pande zote, na watu wanapita kando yake na mikate yao kwapani kama wanapita kwa jirani. Kuna jumba ambalo ukuta wake wote ni mawe meupe yaliyochongwa ncha, moja baada ya jingine, mamia kwa mamia. Asubuhi ncha zile hutupa kivuli upande mmoja, alasiri upande wa pili, na ukuta unakuwa mwingine kabisa. Nilikuwa nazunguka njia ndefu makusudi ili nilipite. Nilimfikiria fundi aliyechonga ncha ya kwanza akijua zilizobaki ni zote zile, na bado akaendelea.

Na kila nilikokwenda, baiskeli zilinipita. Padri na kanzu yake nyeusi. Baba aliyebeba ngazi begani. Mama mwenye mtoto mbele, mtoto nyuma, na mbwa kwenye kikapu. Zaidi ya wote wanawake wazee, mgongo umenyooka, mkoba begani, mkono mmoja kwenye usukani na wa pili umeshika mwavuli. Sikuwahi kumwona mzee wa kike akipita barabarani kwa enzi namna ile. Nilikuwa nasimama kuwaangalia mpaka wapotee.

Jambo lililonifanya nimpende Sinyora lilikuja kwenye juma lile la kwanza, mezani. Ferrara wana mkate wao wenye pembe nne zilizosokotwa, mgumu nje na mwepesi ndani. Nilinyoosha mkono, yeye akausogeza mbali.

"Wewe ni Mwislamu?"

"Ndiyo, Sinyora."

"Basi huu usile. Una mafuta ya nguruwe. Wauzaji hawatakwambia, maana wao wenyewe hawakumbuki."

Kesho yake alikanda unga kwa mafuta ya zeituni, akausokota kwa umbo lile lile. Nilipomshukuru alishangaa. Mji huu, alisema, una familia za Kiyahudi tangu enzi za babu wa babu. Watu wasiokula nguruwe si wageni hapa. Halafu akanipakulia tambi zao za vifuko, zilizojazwa boga. Boga! Nilikaribia kulia. Nilimweleza kwamba kwetu tunalipika kwa nazi, akafunga macho akajaribu kuionja ile nazi kwa mawazo tu.

Siku moja nilirudi kutoka chuoni nimelowa, mvua imenikuta njiani. Alinipa taulo, akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelikalia muda.

"Kwa nini unatembea? Kuna baiskeli chini ya nyumba."

"Sijui kuendesha."

Alinitazama kama nimemwambia sijui kunywa maji. Nikajaribu kumweleza. Baiskeli nyumbani zilikuwepo, tena ya baba ilikuwa imara sana. Ilibeba mihogo, ilibeba magunia ya korosho, ilinibeba na mimi, nimekaa upande kwenye keria, miguu pamoja kama ilivyompasa binti. Hakuna aliyenikataza kuendesha. Ila hakuna aliyewahi kunifundisha, na mimi sikuwahi kuomba.

"Sasa omba," akasema.

Nikaomba.

Jumamosi alinishusha kwenye chumba cha chini ya nyumba. Akaivuta baiskeli ya kijani iliyokuwa ya marehemu dada yake, akaifuta vumbi, akajaza upepo matairi. Juu ya gurudumu la nyuma, pande zote mbili, ulikuwa umefungwa wavu wa nyuzi za rangi, umefumwa kwa mkono.

"Wa nini?" nikauliza.

"Wa sketi. Isiingie kwenye gurudumu."

Niliushika wavu ule kwa muda. Siku zote nilijua, bila kuambiwa, kwamba baiskeli na nguo ndefu haviendi pamoja. Na hapa kuna mwanamke alikaa na sindano yake akalimaliza jambo hilo kwa nyuzi.

Mji wa Ferrara umezungukwa na kuta za kale, na juu ya kuta hizo kuna njia ya udongo yenye miti pande zote, na kando yake nyasi zinashuka kwa mteremko. Huko ndiko nilikofundishwa. Sinyora alishika nyuma ya kiti, mimi nikakanyaga pedali, yeye akakimbia. Narudia: yeye akakimbia, na koti lake, na rangi yake ya mdomo. Nilianguka kulia. Nilianguka kushoto, nikaviringika kwenye nyasi mpaka chini, mtandio umenifunika uso. Wazee wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakaanza kubishana kuhusu mimi.

"Aangalie mbele!" alisema mmoja.

"Akanyage kwa nguvu, mbele atapaona tu!" alisema mwenzake.

Sinyora akawageukia huku anahema. "Nyinyi wawili mmeshawahi kuvaa sketi?"

Baadaye mmoja wao alikuja kunishikia usukani ninapanda.

Jioni nilimpigia mama kwa video nikamwonyesha goti langu.

"Bibi wa watu anakimbia nyuma yako?" mama akasema. "Utamuua!"

"Mama, ana nguvu kunizidi."

"Na huko kwenye baiskeli unavaa nini?"

"Sketi, na suruali ndani."

"Hapo sawa." Akajiweka sawa mtandio wake. "Hebu mgeuzie simu nimwone."

Nikamgeuzia. Mama akamwamkia shikamoo kwa heshima zote, na Sinyora, aliyekuwa amesubiri nafasi hiyo, akaitikia marahaba kwa ile r yake. Mama alicheka mpaka simu ikamponyoka.

Jumapili iliyofuata tulirudi ukutani. Nilikuwa naendesha nikimsimulia jambo la chuoni, nikamwuliza kitu, hakujibu. Nikauliza tena. Nilipotupa jicho nyuma, alikuwa mbali kule kwenye miti, amesimama, mikono kiunoni. Nilipiga kelele, kwa lugha gani sijui. Sikuanguka. Nilikwenda mpaka njia inapokata kona, na upande mmoja wa ukuta niliona mapaa ya vigae na mnara wa kanisa kuu, upande wa pili bustani za mboga za watu, na mimi nipo juu, katikati, ninakwenda. Kusimama ndiko nilikokuwa sijui. Nikaingia kwenye kichaka.

Ukungu ulipoanza, ule mzito wa nchi tambarare kama ile, nilikuwa naenda chuoni mwenyewe. Ukungu wao unaficha hata tairi la mbele. Unasikia kengele, unajibu kwa kengele, mnapishana bila kuonana. Nilijifunza mji kwa kuukalia: mtaa wenye mawe ya mviringo niliujua kwa meno yangu, mtaa laini kwa raha ya ghafla. Wanafunzi wenzangu waliotoka miji mikubwa walilalamika kwamba Ferrara ni ndogo, haina kitu. Mimi kila siku nilikuta kichochoro kipya, tao, mlango wenye sanamu ya simba iliyoliwa pua, na nilirudi nyumbani na habari za kumpa Sinyora, ambaye alizaliwa humo na bado alizisikiliza.

Masika yao yalipofika, baridi imekwisha na miti inachipua, alisema twende mpaka mto Po. Ni mbali kiasi, njia imenyooka katikati ya mashamba. Tulibeba mkate wa mafuta ya zeituni, jibini na machungwa. Mto ni mpana, rangi ya chai ya maziwa, unakwenda kimya. Tulikaa ukingoni tukala, yeye akalala chali kwenye nyasi, kofia usoni, nikadhani amesinzia. Nikawa naangalia maji.

"Marahaba," akasema chini ya kofia.

"Sijakuamkia, Sinyora."

"Najua. Nimetaka tu kulisema."

Aliinuka, akakung'uta koti, akatoa kioo kidogo mkobani akapaka upya rangi ya mdomo, kisha akapanda baiskeli yake. Nilimfuata. Upepo ulikuwa unatusukuma kutoka nyuma, na yeye alikuwa mbele, mgongo umenyooka, anakanyaga bila haraka, na mimi nilikuwa nahangaika kumfikia.