Daktari wa Chini Apanda Ngazi

Hospitalini walimwita Mama Hadubini, naye hakuchukia. Tangu ujana wake alikuwa daktari wa maabara ya chini, mwenye mlango wa kujifungia na kiti kilichokwisha kuchukua umbo lake. Sababu ya kuipenda kazi ile alimwambia mumewe tu: chembe za damu hazimkodolei mtu macho.

Kisha ikaja mashine ya kuhesabu damu. Kazi iliyomlia asubuhi nzima, yenyewe iliimaliza kabla chai haijapoa. Mama Hadubini akainunia kama mke mwenza.

"Sasa mke wangu utabaki kufanya nini?" mumewe alimtania. "Kuifuta vumbi?"

Siku moja mashine ikatoa majibu ya mama mmoja mshonaji, aliyelazwa ghorofa ya juu akisubiri kutolewa uvimbe tumboni. Chembe za kugandisha damu zilikuwa chache mno. Mtu wa namna hiyo hapasuliwi. Angevuja damu isizuilike. Mama Hadubini, kwa mazoea, akapaka tone kwenye kioo, akachungulia kwa hadubini. Chembe zilikuwepo tele, ila zimeshikana mafungu mafungu! Dawa iliyomo kwenye kichupa cha kuchukulia damu, kile cha kifuniko cha zambarau, huwafanyia watu wachache mchezo huo. Mshonaji hakuwa na tatizo. Mashine ilishindwa tu kuhesabu mafungu.

Zamani angeandika maelezo chini ya majibu, ayatume, basi. Safari hii alipiga simu wodini.

"Majibu ya mashine yalishatufikia, upasuaji umeshaahirishwa, daktari," muuguzi akamwambia. "Mgonjwa ndiyo kwanza anapelekewa chai."

Chai! Anayepasuliwa hukaa bila kula wala kunywa; akishakunywa, nafasi ya leo imekwenda. Mama Hadubini akanyakua kichupa cha kifuniko cha buluu, chenye dawa nyingine isiyoshikanisha chembe, akapanda ngazi magoti yakimlalamikia. Alipofika mlangoni, kikombe kilikuwa kinakaribia midomo.

"Usinywe!"

Wodi nzima ikageuka. Yeye aliyeogopa macho ya watu, akayapata yote kwa mkupuo.

"Makubwa!" mshonaji akasema. "Wamenirudisha mara mbili na njaa yangu, leo hata chai nanyang'anywa? Wewe nani, mwanangu?"

"Daktari wa maabara, mama. Naomba mkono wako."

"Kumbe huko chini kuna madaktari? Mimi nilidhani kuna vichupa tu."

Mama Hadubini akacheka, akamfunga mpira mkononi. Alichukua damu, akashuka nayo mwenyewe, akaitia mashineni. Chembe zilitimia. Akampigia daktari wa upasuaji.

"Dada, una uhakika?"

"Nimeziona kwa macho yangu. Na mashine nayo imeziona."

"Basi mleteni. Ahsante kwa kupanda."

Alipopona, mshonaji aliteremka maabarani na kifurushi. Ndani mlikuwa na kitambaa cha maua, kimeshonwa pindo kwa ustadi.

"Cha kuifunika hiyo mashine isiingie vumbi," alisema. "Ndiyo hii iliyonisingizia?"

"Ndiyo. Lakini bila hii ningekuwa nimeinamia hesabu yako ya pili mpaka mchana, na nafasi yako ya kupasuliwa imekwenda."

Mshonaji akaitazama mashine kwa jicho la pembeni, kisha akaifunika kitambaa, akalivuta pindo likae sawa. "Haya, nimeisamehe. Wewe je?"

"Na mimi," akasema Mama Hadubini. Akamshika mkono, wakapanda wote wodini. Siku hizi madaktari wa wodini hawaanzi kuzunguka vitandani mpaka daktari wa chini afike.