Uso wa Kalista Mlangoni mwa Banda la Video

Wendelin hakuweza kuchora uso ambao haukuwa mbele yake. Bruda mzungu aliyemfundisha kupaka rangi kanisani ndivyo alivyomzoesha. Ukiingia kanisani kwetu, Mtakatifu Anna pale ukutani ni bibi yake mzee Stephano, na askari anayemchapa Yesu mijeledi ni karani mmoja wa ushirika, ambaye alizeeka bila kusamehe.

Zikaja enzi za soko huria. Bei ya kahawa ilianguka hadi watu wakaiacha ikaukie mitini, kanisa likakosa cha kununulia rangi, na Wendelin akabaki na brashi na njaa. Kazi ilitoka kwa Egidi, mwenye banda la video kituoni, chini ya mlima, pale barabara inapopita. Egidi alileta kanda za kutisha kutoka Songea, zimechakaa, hata jalada hazina. Alitaka mabango.

Bango la kwanza Wendelin alichora joka lenye meno, na damu ndoo nzima. Watu walicheka wakapita zao. Mkulima wa kwetu amekutana na chatu kwenye mashimo ya ngolo anayochimba shambani kukinga maji ya mvua. Utamtisha kwa joka la rangi? Lakini Wendelin hakuwa mjinga. Aligundua kwamba mtu huogopa zaidi kitu kisichoonekana chote: mlango ulioachwa wazi kidogo, mkono usio na mwenyewe. Akawa anasaga makaa ya betri kuukuu za redio, analijaza weusi gunia tupu la kahawa alilolipaka uji wa muhogo, kisha anaacha mwanga kidogo mahali pamoja tu, ili jicho likose pengine pa kwenda. Nyekundu aliitumia kwenye herufi, zikivuja. Na bango alilitundika usawa wa uso wa mtu mzima, ili ukipita mtazamane. Watu wakaanza kuingia.

Mwaka ule mkewe, Kalista, alikuwa anakohoa. Alikohoa tangu Krismasi, akakonda, macho yakaingia ndani. Mganga wa zahanati alisema wazi: afikishwe hospitali ya misheni, kule chini ziwani, mapema, la sivyo asilaumiwe mtu. Gari la karibu lilikuwa pikapu ya Egidi.

"Nichoree bango la kujaza banda sikukuu ya Pasaka," Egidi alimwambia. "Likijaa, gari langu litampeleka mama."

"Mpeleke kwanza, kaka. Hali yake mbaya."

"Chora kwanza."

Marehemu hasemwi vibaya, lakini Egidi bado yu hai, kwa hiyo namsema.

Asubuhi iliyofuata Kalista alikuwa amelala jikoni karibu na mafiga, maana baridi ya milimani ilimtafuna. Moto ulimulika uso wake kutoka chini, kidevu na mifupa ya mashavu, na macho yakabaki mashimo. Wendelin alitafuta uso mwingine wa kuchora. Binti yao, Anjela, alikuwa ameolewa mbali, na nyumba nzima haikuwa na mwingine. Alichora huku analia, na hajawahi kuchora vizuri vile, kabla wala baada.

Banda lilifurika. Watu walikuja kutoka mbali, hata Kingerikiti.

Sasa, kumshusha mgonjwa kutoka mlimani kwetu ni kazi ya jumuiya. Gari halipandi. Wanaume hubeba machela mabegani wakipokezana, na sijasikia waliokataa, hata mgonjwa awe mtu wa visirani. Wendelin alikwenda kwa mzee Stephano, mwenyekiti wa jumuiya.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba wabebaji."

"Marahaba." Stephano hakumkaribisha kiti. "Wendelin, watu wamemwona mkeo kwenye bango pale barabarani, amekufa, macho mashimo. Wewe mumewe ndiye uliyemfanyia uchuro huo. Nani ataweka bega chini ya machela yake?"

"Ni rangi tu, mzee. Rangi na uji wa muhogo."

"Hata bibi yangu kanisani ni rangi tu. Mbona tunampigia magoti?"

Wendelin aliaga akatoka. Alishuka kwa Egidi, akamsihi ateremshe bango. Egidi akasema sikukuu haijaisha. Na gari je? Gari lipo, mlete mgonjwa. Wendelin alipanda tena mlima akiwa amekata tamaa kiasi kwamba alisahau kusalimia watu njiani, na watu nao hawakumsalimia.

Alimfunga Kalista mgongoni kwa kitenge, mtu mzima anabebwa kama kichanga, akashuka naye peku kwenye utelezi wa masika. Waliokuwa shambani waliacha majembe wakaingia ndani. Alianguka, akaomba radhi, akainuka, akaanguka tena. Kalista hakuwa na uzito wowote, na hilo lilimtia hofu kuliko utelezi.

Walipofika kituoni, watu walikuwa wakisukumana kuingia kwenye onyesho la mchana. Mmoja akageuka, akauona uso ule ule juu ya bega la Wendelin, unapumua. Nawajua watu wazima, na heshima zao, waliotorokea dirishani siku ile. Banda likabaki tupu na jenereta linanguruma.

Egidi alitoka na funguo mkononi. Msidhani ni huruma. Alitaka uso ule uondoke mbele ya biashara yake.

"Mpandishe upesi," alisema, akiangalia pembeni.

Kalista alilazwa nyuma ya pikapu, juu ya magunia.

"Baba Anjela, mbona wanakimbia?"

Wendelin alimwekea gunia jingine kisogoni. Kalista akageuza kichwa, akaliona bango pale mlangoni. Walitazamana, yeye na yule wa kwenye gunia, mpaka injini ikawaka.

"Ni mimi yule?"

"Ni wewe. Nisamehe."

"Nifunike uso," alisema, "manesi nao wasije wakanikimbia."

Wendelin akamfunika kwa kitenge. Njia nzima ya kushukia ziwani alikuwa akikiinua pembeni kuona kama bado anapumua, kisha anakirudisha, kwa kuwa mwenyewe ndivyo alivyoomba.