Mihibisko ya Nyumba ya Wageni

Tuliporudi Mocímboa, wigo wa mihibisko wa nyumba ya wageni ya serikali ulikuwa umelipita bati la paa. Hakuna aliyeumwagilia hata ndoo moja muda wote tuliokuwa wakimbizi Pemba, ile ya Msumbiji, na bado majani yake yalikuwa mapana, mabichi, yanang'aa. Mimi mtunzaji wake ndimi niliyewahi kukaribia kuuangamiza, na nilifanya hivyo kwa kuumwagilia kila siku.

Siku yangu ya kwanza kazini, chefe wa majengo, yaani mkuu wetu, alinikabidhi mkasi wa kupogolea, ndoo mbili na amri moja.

"Anselmo, mgeni akifika, kitu cha kwanza anachoona ni wigo huu. Ukifa, sina kazi nyingine ya kukupa."

"Hautakufa, chefe."

"Aliyekutangulia alisema hivyo hivyo."

Mimi nilitoka nyanda za juu, kwetu Wamakonde, ambako mama zetu walishuka bondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Kwa mtu wa kule, mmea wenye majani ya njano una kiu, basi. Hapa kisima kilikuwa hatua chache kutoka wigoni. Nilimwagilia asubuhi, nikamwagilia saa kumi. Majani ya chini yakawa njano, nikaongeza ndoo. Kingo za majani zikawa kahawia kama zimebabuliwa, na vitumba, yaani maua ambayo hayajafunguka, vikaanza kudondoka. Nikaongeza tena.

Aliyenisimamisha ni mpishi wa nyumba, Bi Mwema, mzaliwa wa pwani.

"Wewe mtu wa juu, mihibisko hiyo unaiungia mchuzi?"

"Naimwagilia, mama."

"Umeyaonja hayo maji?"

Sikuwahi. Ya kunywa alichota yeye. Nilichovya kidole nikaonja chumvi.

"Bahari ikijaa, chumvi inaingia mpaka kisimani," alisema. "Sisi tunachota maji yakipwa, tena ya juu juu, ndoo isifike chini. Kila mtoto hapa anajua. Nyie mkitoka huko kwenu mkiona maji mnakenua tu, hamuulizi."

Nilichimba pembeni ya shina nione kulikoni. Udongo wa chini ulikuwa tope lenye harufu mbaya. Kwa hiyo nilikuwa nimekosea mara mbili: chumvi, na wingi. Mizizi isiyopata hewa huoza, na mmea uliooza mizizi hunyauka sawasawa na wenye kiu. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Tangu siku ile niliingiza kwanza kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Nikikuta unyevu, niliondoka. Nikikuta pakavu, nilimwaga maji yasiyo na chumvi taratibu hadi yazame, kisha nikaacha siku kadhaa. Juu ya udongo nilitandaza makumbi ya nazi ili jua lisiukaushe upesi.

Chefe alipokuja kukagua, wigo ulikuwa vijiti vyenye majani machanga hapa na pale. Aliuzunguka wote.

"Nimeona wanaume wenye nywele chache kuliko huu na bado wanaoa," alisema. "Una mwezi mmoja."

Mwezi ule ulitosha.

Baadaye nilipelekwa Mbau kupanda wigo kama ule kwenye ofisi ya posto, yaani makao ya tarafa. Nilibeba vipandikizi, vijiti vya urefu wa shubiri, kila kimoja nimekiacha na majani mawili tu, nikavizungushia gunia bichi. Vilishika vizuri, kisha vikavamiwa na wadudu weupe kama pamba. Chefe wa posto alitaka nipulize dawa. Nilimwonyesha sisimizi wakipanda na kushuka: wanawachunga wadudu hao kwa ajili ya utomvu wao mtamu, na wanawahamisha tawi hadi tawi. Niliosha matawi kwa maji ya sabuni na kuwakatia sisimizi njia. Dawa haikufunguliwa.

Nilirejeshwa Mocímboa, nikakaa hapo hadi vita vilipotuondoa sote. Bi Mwema hatukurudi naye. Amezikwa Pemba.

Basi tuliporudi nikaukuta wigo mrefu, mzima, lakini hauna ua hata moja. Vitumba vilianguka vikiwa vimefumba. Nilikipasua kimoja kwa ukucha, nikakuta mabuu wadogo weupe ambao sikuwahi kukutana nayo katika kazi yangu yote. Nilitia vitumba kadhaa kwenye chupa yenye mchanga, nikaifunika kwa kitambaa. Baada ya siku chache walitoka visubi. Nikajua kwamba mabuu hushuka udongoni kukua.

Chefe wa sasa ni binti mhandisi, engenheira kama tunavyomwita, naye huniita tio, yaani mjomba. Aliniita ofisini.

"Tio Anselmo, reforma yako, barua ya kustaafu, imetoka. Upumzike sasa. Huu wigo tutaung'oa, tupande kitu kingine."

"Nipe mpaka mvua ya kwanza, engenheira."

"Mshahara haupo tena, tio. Utakuwa unakuja?"

"Nisipokuja hapa nitakwenda wapi?"

Alicheka, akanikubalia mpaka mvua ya kwanza, si zaidi.

Nimepogoa theluthi ya urefu wake. Makumbi nimeyaondoa ili mabuu wasipate pa kujificha. Kila alfajiri naokota vitumba vyote vilivyoanguka na kuvichoma. Nikitazama nyuma, naona madhara niliyoyafanya kazini hayakutoka kwa uvivu. Yalitoka kwa kuhurumia mmea kabla ya kuuchunguza.

Leo nimeokota nusu ndoo. Upepo ulikuwa mkali, na kati ya nilivyovipasua, baadhi vilikuwa na mabuu na vingine vitupu, kwa hiyo siwezi kusema ni kipi kimeviangusha. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Palma, kaskazini. Karibu na jikoni kuna kitumba kimoja ambacho ncha yake imeonyesha wekundu. Mpaka naandika haya, hakijafunguka.